KUHAMISHA PICHA NA MAFAILI BAINA YA TABLETI NA SIMU
Maelezo kwa Wanachama, pamoja na mfano wa wakulima wa kahawa wa Moshi



Twapenda katika toleo hili kueleza jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza ofisini tangu chama kilipoanza kuandika mashamba kwa tableti. Swali lenyewe ni hili: picha na karatasi zilizomo katika tableti ya chama zitafikaje katika simu ya mwanachama, na zilizomo katika simu ya mwanachama zitafikaje katika tableti ya chama, bila ya kupotea, bila ya kuharibika, na bila ya kuangukia mikononi mwa asiyehusika?

Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya vijana. Sisi hatukubaliani nao. Wengi wetu tunashikilia mashamba kwa hati za eka tatu tatu walizopewa wazee wetu baada ya Mapinduzi ya 1964. Karatasi hizo zimezeeka. Nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zimelowa mvua za masika, na nyingine zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka maandishi ya kwenye mkunjo hayasomeki tena. Picha nzuri ya hati haichukui mahali pa hati yenyewe, lakini siku hati itakapotoweka, picha itaonyesha kwamba ilikuwako na iliandikwa nini. Kadhalika stakabadhi ya mizani. Mwanachama aliyepeleka gunia zake na akapewa karatasi ndogo, wino wake ukifutika, atadai kwa kutumia nini? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kikifungiwa katika sanduku la chama. Leo sehemu kubwa ya daftari hilo imo ndani ya tableti, au kishikwambi kama inavyoandikwa siku hizi. Yapasa basi kila mwanachama afahamu namna daftari hilo linavyonakiliwa.

KWA NINI TWATAJA MOSHI

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ni ndugu zetu katika ushirika, nao wametutangulia katika mambo mengi. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya zamani kabisa katika Afrika. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mjini Moshi mwaka 1963, nacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao yake mjini humo humo. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika vya Bara vilivunjwa na Serikali, kisha sheria ya 1982 ikaruhusu viundwe tena, na KNCU ikarudi. Katika historia hiyo mna funzo. Chama chaweza kuvunjwa na kuundwa tena, viongozi hubadilika, makarani huondoka, wazee hufariki. Linalounganisha chama cha jana na cha leo ni daftari la wanachama na mali zao.

Sasa wakulima wa kahawa wamepata sababu mpya ya kushughulikia madaftari yao. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu. Bidhaa zilizotajwa ni saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini masharti yenyewe yanajulikana. Anayepeleka kahawa Ulaya hana budi kuonyesha mahali shamba lilipo kwa namba za ramani, zenye tarakimu zisizopungua sita baada ya nukta. Shamba linalozidi hekta 4 lazima lionyeshwe mipaka yake yote. Lisilozidi hapo latosha kwa nukta moja. Kihamba cha Mchaga, chenye mibuni chini ya migomba, mara nyingi hakifiki hata hekta moja. Kwa hivyo kila kihamba kina nukta yake, na vihamba ni maelfu kwa maelfu.

Karafuu haimo katika orodha ile ya bidhaa saba. Hatusemi kwamba itaingizwa. Twasema tu kwamba mnunuzi aliyezoea kuuliza kahawa imetoka shamba gani, haitamwia vigumu kuuliza na karafuu. Atakayeulizwa huku ana jawabu mkononi atauza kwa raha kuliko atakayeanza kutafuta siku hiyo.

TABU YA MLIMANI

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha msingi huko Kibosho au Old Moshi. Anatoka asubuhi na tableti yake, anapita kihamba baada ya kihamba. Katika kila kimoja anachukua nukta ya ramani na kupiga picha tatu: ya shamba, ya mwenye shamba, na ya karatasi zake. Akipita vihamba 40, jioni ana picha 120. Picha moja ya tableti ya siku hizi yaweza kufika megabaiti 4, basi jumla yake ni kama megabaiti 480.

Tableti yake haina laini ya simu. Simu yake inayo laini, lakini miteremko ya Kilimanjaro imekatwa na mabonde marefu ya mito kama Karanga na Weruweru, na mawimbi ya simu hayapindi kona. Penye mnara unaoonekana pana mtandao, na ukishuka bondeni chini ya migomba, mtandao hukatika. Ni ajabu kwamba mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano TTCL lilipeleka intaneti ya kasi mpaka vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, ambako wapanda mlima hupumzika, na bado mtu aweza kusimama katika kihamba cha chini kabisa ya hapo na simu yake isipate hata mstari mmoja. Nasi huku tuna mabonde yetu, wala hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi karani huyo ana kazi mbili. Kwanza kutoa picha katika tableti na kuzitia katika simu, bila intaneti. Pili, atakapofika penye mtandao, kuzipeleka ofisini kutoka katika simu. Wengi huikosea kazi ya kwanza kwa kufanya lililo jepesi, nalo ni kuiandika upya habari kwa mkono.

USIANDIKE UPYA, HAMISHA

Mtu husema, "Namba ni chache tu, nitazisoma katika tableti na kuziandika katika simu." Tazameni madhara yake.

Namba za mji wa Moshi ni kama -3.35 na 37.34. Ile alama ya kutoa iliyo mbele ya 3 maana yake ni kusini ya Ikweta. Karani akiisahau, mahali hapo patahamia kaskazini ya Ikweta, na kihamba cha Kilimanjaro chenye mifereji na ndizi kitajikuta katika nchi kame ya upande wa North Horr, kaskazini mwa Kenya. Shamba la karafuu la karibu na Chake Chake, likipotewa na alama hiyo, litakwenda Ethiopia ya kusini. Mnunuzi akifungua ramani na kuona jangwa, hatasema kwamba karani amesahau alama. Atasema kwamba chama kinadanganya.

Na tarakimu nazo si za kupunguza. Tarakimu ya pili baada ya nukta ni kipimo cha kama kilomita moja. Ya nne ni kama mita 11. Ya sita ni kama sentimita 11. Basi anayeona uvivu na kuandika mbili tu aweza kukosea kwa nusu kilomita, na huko Uru au Kibosho, nusu kilomita ni kihamba cha mtu mwingine, na pengine ni kijiji kingine. Kweli, chombo chenyewe hakipimi kwa sentimita. Simu mahali peupe hukosea kwa mita tano hivi, na chini ya miti hukosea zaidi. Lakini kosa la chombo halituruhusu sisi kuongeza la kwetu.

Dawa ni moja: faili lihamishwe kama lilivyo, lisiandikwe upya.

NJIA ZA KUHAMISHA

Ziko njia tano zinazofaa kujulikana. Kila moja ina faida yake na hasara yake.

Njia ya kwanza ni waya. Vyombo vingi vya siku hizi vina tundu la USB-C, ambalo kichwa chake huingia kwa upande wowote. Vya zamani vina kichwa chembamba chenye upande wa juu na wa chini. Ukiwa na waya wenye kichwa cha USB-C pande zote mbili, unganisha tableti na simu, fungua kufuli za vyote viwili, kisha tazama tangazo litakalojitokeza juu ya kioo. Aghalabu litasema kwamba chombo kinachajiwa. Liguse, nawe uchague kuhamisha faili. Hapo chombo kimoja kitaonekana ndani ya kingine kama kabati, utafungua droo na kutoa utakacho. Picha zilizopigwa kwa kamera hukaa katika droo iitwayo DCIM.

Hapa pana jambo linalowasumbua wengi. Waya unachaji vizuri, lakini vyombo havionani. Mtu hudhani simu imeharibika, kumbe waya ni wa kuchaji tu. Ndani yake mna nyuzi za kupitisha umeme, nyuzi za kupitisha habari hamna. Waya za bei ya chini zinazouzwa barabarani nyingi ni za namna hii. Kabla ya kumlaumu fundi, jaribu waya mwingine, hasa ule uliokuja na simu ndani ya boksi lake.

Njia ya pili ni kadi ya memori. Kama tableti na simu zote zina mahali pa kadi, nakili picha katika kadi, itoe, itie upande wa pili. Njia hii haitaki mtandao wala waya, na kadi yaweza kuwekwa kabatini kama akiba. Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, msiichomoe kadi kabla ya kuamuru chombo kiiachie, kwa kuwa kuichomoa wakati chombo kinaandika ni kama kumnyang'anya karani kalamu katikati ya neno. La pili, simu nyingine huuliza kama kadi itumike kuwa sehemu ya simu yenyewe au itumike kuhamishia. Ukichagua ya kwanza, kadi hufungwa kwa siri ya simu ile, na chombo kingine hakiwezi kuisoma tena. Kwa kazi ya chama chagua ya pili siku zote.

Njia ya tatu ni Bluetooth. Karibu kila simu inayo, hata zile za kizamani zenye vitufe. Uwashe pande zote mbili, vyombo vijuane kwa kuthibitisha namba, kisha utume. Haitaki intaneti wala bando, na vyombo vikae karibu, mita zisizozidi kumi. Kasoro yake ni mwendo wa pole. Picha zile 120 za karani wetu zitachukua kama dakika 40, na katika muda huo chaji ya tableti inapungua. Kwa picha mbili tatu Bluetooth yatosha. Kwa kazi ya siku nzima haifai. Tena simu za iPhone hazipokei picha za simu nyingine kwa njia hii, basi mwanachama mwenye iPhone asihangaike nayo.

Njia ya nne ndiyo tunayoisifu zaidi, nayo ni Quick Share. Imo tayari katika simu na tableti nyingi za Android. Ilitoka mwaka 2020 kwa jina la Nearby Share, na mwaka 2024 ikaunganishwa na ile ya Samsung ikawa na jina hili moja. Kazi yake ni hivi: vyombo hutumia Bluetooth kutafutana tu, na vikishaonana hufungua Wi-Fi baina yao vyenyewe na kupitisha mzigo humo. Hiyo Wi-Fi si intaneti. Hailipiwi, wala haitaki mnara. Bondeni kabisa, chini ya mgomba au mkarafuu, itafanya kazi. Mzigo wa karani wetu, uliotaka dakika 40 kwa Bluetooth, hapa hupita kwa dakika moja au mbili.

Fanya hivi. Katika chombo kinachopokea, fungua mipangilio, tafuta Quick Share, na ukiruhusu kionekane na watu wote kwa muda mfupi. Katika chombo kinachotuma, chagua picha, gusa alama ya kushiriki, chagua Quick Share, na jina la chombo cha pili likitokea, liguse. Anayepokea akubali. Mkimaliza, mfunge ile ruhusa ya kuonekana na watu wote, msije mkatumiwa na mpita njia vitu msivyovitaka. Vyombo vya Apple navyo vina njia yao ya namna hii, iitwayo AirDrop, baina ya iPhone na iPad.

Wengi wenu mnatumia Xender au SHAREit kwa kazi hii. Zinafanya kazi, hatukatai. Lakini ni programu za kuongezwa, zenye matangazo mengi, nazo huomba ruhusa nyingi za kuingia katika simu. Mwaka 2020 Serikali ya India ilipiga marufuku programu 59 kwa sababu za usalama, na hizo mbili zilikuwamo. Ikiwa chombo chako kina Quick Share, huna haja ya mgeni.

Njia ya tano ni kupitia intaneti, kama vile kuweka mafaili katika Google Drive, au kujitumia kwa barua pepe. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo, zikiwa pamoja na barua zake na picha zake. Faida ni kwamba hata tableti ikizama baharini, mafaili yapo. Hasara ni gharama. Megabaiti 480 za karani zitakula bando kiasi hicho wakati wa kupandisha, na kiasi hicho tena wakati wa kushusha upande wa pili. Kuhamisha picha kutoka chombo kimoja kwenda kingine, vyote viwili vikiwa juu ya meza moja, kwa kuzipitisha ng'ambo ya bahari, ni sawa na kupeleka gunia la karafuu Wete kutoka Konde kwa kupitia Unguja.

HABARI YA WHATSAPP

Tumeitenga WhatsApp kwa sababu ndiyo inayotumiwa na wengi, na ndiyo inayoharibu kwa wingi.

Ndani ya kila picha, mbali na yale yanayoonekana kwa macho, chombo huandika maneno ya siri: tarehe, saa, na, kama ruhusa imetolewa, mahali picha ilipopigwa. Mfano wake ni kama karatasi inayotiwa ndani ya gunia kuonyesha limetoka kwa nani. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, mambo mawili hutokea. Kwanza picha hupunguzwa ukubwa ili ipite upesi, na maandishi madogo ya hati au stakabadhi yaweza kuwa ukungu. Pili, ile karatasi ya ndani hutolewa na kutupwa. Picha itafika, shamba litaonekana, lakini haitajulikana tena limepigwa wapi wala lini. Kwa picha ya arusi hakuna neno. Kwa picha ya shamba, umepeleka gunia lisilo na mwenyewe.

Kama hapana njia ila WhatsApp, usiguse alama ya picha. Gusa alama ya kuambatanisha, chagua penye neno Document, yaani hati, kisha itafute picha yako humo. Ikienda kama hati, huenda kamili pamoja na maneno yake ya ndani.

Na kwa njia yoyote mliyotumia, thibitisheni. Fungueni picha moja upande wa pili, tazameni maelezo yake, muone kama tarehe na mahali bado vipo.

KUNAKILI KWANZA, KUFUTA BAADAYE

Chombo hukupa amri mbili zinazofanana: kunakili na kuhamisha. Ukinakili, cha kwanza hubaki. Ukihamisha, cha kwanza huondoka. Waya ukichomoka au chaji ikiisha katikati ya kuhamisha, waweza kukosa huku na kule. Kwa hivyo utaratibu wa chama ni huu, na twaomba ufuatwe na makarani wote:

1. Nakili, usihamishe.
2. Hesabu. Kama tableti ina picha 120, simu nayo iwe na picha 120. Zikiwa 118, tafuta mbili kabla ya kuinuka.
3. Fungua ya kwanza, ya kati na ya mwisho, uone kama zinafunguka na kusomeka.
4. Nakala ya tatu itiwe katika fleshi ya ofisi, ifungiwe kabatini.
5. Ndipo ufute katika tableti, kama nafasi inahitajika.

Anayepima karafuu haondoi gunia katika mizani kabla ya kuandika uzito. Na hili ni vivyo hivyo.

AMANA

Ndugu wanachama, picha ya hati yako na ya kitambulisho chako si mali ya karani. Ni amana. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata kama pasingekuwa na sheria, kwetu sisi anayekabidhiwa amana anajua wajibu wake.

Hatari iko wapi? Iko hasa katika simu. Tableti ya chama hufungwa ofisini, lakini simu ya karani huenda sokoni, hulala nyumbani, hushikwa na watoto, na mwisho huuzwa. Matapeli wa fedha za simu hutafuta mambo matatu: jina, namba, na picha ya kitambulisho. Yote matatu yamo katika kazi ya siku moja ya karani. Kwa hivyo picha za wanachama zikishafika ofisini na kuhesabiwa, zifutwe katika simu ya karani, pamoja na katika kapu la taka la simu, ambamo picha zilizofutwa hukaa siku kadhaa kabla ya kutoweka. Zisitumwe kamwe katika kundi la WhatsApp, hata kundi la wanachama wenyewe. Na mwenye kuuza simu yake asitosheke kufuta picha moja moja. Airudishe simu katika hali ya kiwandani kwanza, baada ya kuthibitisha kwamba nakala zake ziko salama.

Kadhalika mwanachama anayo haki ya kupewa nakala ya picha za shamba lake. Akija ofisini na simu yake, apewe pale pale. Asiambiwe njoo kesho.

MASWALI TULIYOULIZWA

Je, picha za simu ya mwanangu aliyeko Muscat zimefika, lakini tableti haizifungui? Huenda anatumia iPhone. Tangu 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa namna iitwayo HEIC, na vyombo vya zamani havisomi. Mwambie afungue mipangilio ya kamera, sehemu ya muundo, achague ule unaokubaliana na vyombo vingi. Picha atakazopiga baada ya hapo zitafunguka.

Je, simu yangu inasema nafasi imejaa? Tazama kwanza video zilizokuja kwa WhatsApp. Aghalabu ndizo zilizokula nafasi, na nyingi hukuziomba.

Je, picha zangu hazina mahali? Kamera haikupewa ruhusa. Fungua mipangilio ya kamera, uwashe mahali, kisha usimame dakika moja penye uwazi kabla ya kupiga, ili chombo kipate kujua kilipo. Picha za zamani hazirekebishwi kwa hilo. Itabidi kurudi shambani.

Je, tableti ya chama ikiibiwa? Ndiyo sababu ya kuwa na nakala tatu mahali patatu. Aliyeiba atapata kioo na betri. Daftari litabaki kwetu, maadamu tableti ina neno la siri ambalo halikuandikwa kwa kalamu nyuma yake.

MWISHO

Wenzetu wa Kilimanjaro hawakuanza kazi hii kwa kupenda vyombo vipya. Waliianza kwa sababu kahawa isiyojulikana shamba lake yaweza kukataliwa bandarini, na atakayekula hasara ni mkulima. Sisi tunayo nafasi ya kuanza kabla ya kulazimishwa. Shamba lililoandikwa vizuri linamfaa mwenyewe leo, siku ya kurithishana, siku ya mgogoro wa mpaka, na siku ya kudai fidia pindi barabara itakapopita.

Basi kabla msimu wa kuchuma haujatushika mikono, twaomba kila mwanachama alete ofisini mambo matatu: hati yake, simu yake, na waya uliokuja na simu hiyo. Asiye na simu ya namna hii aje na kijana wake, au aje peke yake, karani atampigia picha na kumwonyesha kila kilichoandikwa kwa jina lake. Wenye kujua wawasaidie wasiojua, wala mtu asione haya kuuliza. Hata mchumaji hodari kuna siku alionyeshwa pa kushika tawi.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama